Chale Tatu Ndani ya Mashine ya Sumaku

Wiki mbili zilizopita, pale Mikumi malori yanapopumzika, kijana mmoja mwenye tai alinishikisha fimbo ya shaba iliyofungwa waya hadi kwenye kompyuta ndogo, akaniambia nitulie. Nikatulia. Kompyuta ikalia kidogo. Kijana akaitazama kwa uso wa msiba, akasema, "Mzee wangu, kizazi chako kimechoka."

"Kizazi kipi?"

"Kizazi. Na mrija wa kushoto umeziba."

Nina ndevu nyeupe na wajukuu wanne. Nikamwomba atazame vizuri. Akagundua kwamba alisahau kuondoa jina la mama aliyenitangulia. Akabonyeza mahali, na palepale kizazi changu kikapona, nikapewa tezi dume. Nyuma yake kulikuwa na bango linalosema kwamba hiyo ni mashine ya sumaku, inaona uvimbe wa titi, saratani na magonjwa yote ya ndani, bila sindano, bila kisu. Foleni ilikuwa imefika hadi kwa muuza vitunguu.

Ninyi vijana mliokuwa kwenye foleni ile ndio ninaowaandikia, na mliokuwa mnapita mkisema "maendeleo hayo" ninawaandikia pia. Mashine ya sumaku ya kweli naijua. Nimesimama mlangoni pake miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na hapa Mikumi wananiita Mzee Sumaku kwa sababu hiyo. Sikusoma. Niliacha shule darasa la tano, nikazunguka. Lakini mtu asiyesoma akisimama mahali pamoja akiuliza maswali kila siku, kuna vitu vinamwingia.

Nianze na namna nilivyoingia, maana mnapenda kuniuliza barua ya maombi niliandikaje. Sikuandika. Nilipofika kwenye hospitali ile ya binafsi Dar es Salaam nilikuwa nimeshapalilia mashamba ya mbegu Kilangali, nimeshakuwa utingo wa malori ya Iringa, nimeshafagia karakana ya reli Kilosa. Karakana nitairudia, ina uzito wake katika habari hii. Walitaka mtu wa kupiga deki. Mashine ya MRI, ndiyo hiyo ya sumaku, ilikuwa imeshushwa juzi tu kwenye kontena, na matajiri walikuwa wanakuja kuitazama kama inavyotazamwa gari mpya ya jirani. Ulikuwa wakati ule ambapo serikali imeachia biashara, kila mwenye uwezo anaingiza anachotaka. Walioingiza mchele waliingiza, walioingiza nguo kuukuu waliingiza, na wengine wakaingiza sumaku yenye uzito wa lori.

Siku yangu ya tatu niliingia na ndoo ya bati.

Hakuna aliyeniambia nisiingie nayo, au waliniambia kwa Kiingereza. Nilipovuka mlango nikahisi ndoo inanivuta mkono, kama mtoto aliyeona duka la pipi. Nikaishikilia. Ikanishinda. Iliruka na maji yake, ikajibandika kwenye mdomo wa mashine, na mimi nikabaki na mpini wa deki. Tulivuta wanaume wanne. Haikutoka. Mashine ile haizimwi kama taa. Sumaku yake iko macho usiku na mchana, na kuizima ni kazi ya mafundi wa kampuni, waliokuja kwa ndege siku tano baadaye. Siku tano wagonjwa wanarudishwa, na ndoo iko pale juu inatutazama.

Msimamizi wa chumba alikuwa Bi. Leonia, mpiga picha wa siku nyingi aliyeanza na eksirei zilizosafishwa kwenye giza. Kila mtu alijua nimefukuzwa. Yeye akaninunulia ndoo ya plastiki, akaiandika jina langu kwa rangi nyekundu, akasema, "Wewe sasa ndiye mtu pekee humu anayejua kwa mikono yake kwamba sumaku haifanyi mzaha. Kuanzia leo utasimama mlangoni. Hakuna chuma kitakachopita."

Ndiyo ikawa kazi yangu. Mnaweza kucheka. Lakini nawaambia, madaktari walijua mwili na mafundi walijua mashine. Watu wenyewe waliachiwa mimi. Fomu ya maswali ilitoka Ulaya, namaanisha ile Ulaya ya ng'ambo, si kijiji chetu cha Ulaya kule Kilosa. Iliuliza kama mgonjwa ana betri ya moyo. Ni nani Dumila ana betri ya moyo? Haikuuliza kuhusu pini ya kufungia sidiria iliyokatika kishikizo. Haikuuliza sarafu iliyofungwa kwenye pindo la kanga, wala hirizi iliyoshonwa kwenye ngozi na sindano ndani yake. Haikuuliza kuhusu askari wa mbuga aliyekuwa na risasi ndogondogo za gobole mgongoni tangu alipokutana na majangili, na ambaye hakuzitaja kwa sababu kwake hizo hazikuwa ugonjwa. Maswali hayo niliyatunga mimi. Bi. Leonia aliyaandika, daktari mkuu akayatia sahihi, na mgeni mmoja alipouliza nani kayabuni, daktari mkuu alijibu "sisi". Sawa.

Sasa nisikilizeni kuhusu titi, maana hapo ndipo ujinga unapokusanyika.

Uvimbe mwingi wa titi, hasa wa wasichana na wanawake vijana, si saratani. Huo wa kawaida ukiugusa ni kama gololi chini ya ngozi, mviringo, mgumu kiasi, na ukiusukuma unakimbia. Mkono wenye uzoefu unaujua mapema. Baada ya mkono inafuata altrasaundi, na baada ya altrasaundi sindano nyembamba inayochukua kipande kidogo kikatazamwe kwa darubini. Sindano ndiyo inayomaliza ubishi. MRI inakuja pale ambapo hayo mengine yamegongana. Mgonjwa analala kifudifudi, matiti yananing'inia kwenye matundu mawili, anachomwa dawa mshipani, na picha zinapigwa dawa ikiingia. Uvimbe mbaya mara nyingi huinyonya ile dawa haraka na kuitema haraka. Usio na ubaya mara nyingi huinywa polepole, kama mgeni mwenye adabu anayekunywa chai, na kingo zake ni laini. Nasema mara nyingi. Bi. Leonia aliwahi kumtoa nje ya chumba mwanafunzi wa udaktari aliyesema "daima".

Lakini katika miaka ile, nani alitaka mkono? Mkono kila mtu anao. Watu walitaka mashine, na kadiri inavyopiga kelele ndivyo walivyoiamini. Na sindano waliiogopa kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu kila kijiwe kati ya Kilosa na Mikumi kilikuwa na mtaalamu anayefundisha kwamba uvimbe ukichomwa unakasirika, unatawanyika mwili mzima. Nimewahi kuuliza, umekasirika kwani umetukanwa?

Hivyo ndivyo alivyotufikia Mwanaidi.

Alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Ulaya, umri wa miaka ishirini na mitano hivi, ana mtoto mmoja aliyekwisha acha kunyonya. Gololi ilikuwa titi la kushoto, upande wa kwapa. Kilosa, hospitalini, nesi mmoja mtu mzima aliigusa, akaisukuma ikakimbia, akamwambia, "Mwanangu, hili sidhani kama lina nia mbaya. Nenda Morogoro likachomwe sindano tujue moja." Neno sindano likamfukuza. Akaenda Mikumi kwa Bosco.

Bosco alikuwa akiuza dawa za kuogeshea ng'ombe. Biashara zilipoachiwa alipaka ukuta rangi nyeupe, akachora msalaba mwekundu na nyoka aliyenenepa kama mjusi, akawa dokta. Sikatai, alikuwa na wauguzi wenye vyeti, na kila Ijumaa alikuja mpasuaji kutoka mjini. Lakini mwenye sauti pale alikuwa Bosco. Alimtazama Mwanaidi kwa mbali, akasema hilo ni la kukatwa titi zima, ila kwanza apigwe kipimo kikubwa Dar. Kipimo kikubwa. Hakusema cha kazi gani. Ukubwa ulitosha.

Akaja na mama mkwe wake, Bi. Shani, mwanamke mrefu mkavu aliyevaa baibui na kushika tasbihi mkononi. Niliwapokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari?"

"Hapana mama. Mimi ni wa vyuma."

"Wa kuuza?"

"Wa kuvizuia."

Akaniona sina maana, akakaa. Nikaanza maswali yangu kwa Mwanaidi. Pini? Akatoa. Sarafu? Akafungua pindo. Hirizi? Hapo Bi. Shani alijibu kabla yake: "Kwangu mimi hakuna uchafu huo. Nyumba yetu ni ya swala." Nikafika swali la mwisho, ambalo nililitunga kwa akili yangu yote: umewahi kuchanjwa chale? Mwanaidi akatazama sakafu, akasema hapana.

Nikaandika hapana.

Hilo ndilo kosa langu, na linanidhalilisha kuliko ndoo. Ndoo ilikuwa kutojua. Hili nilijua. Nilikulia Kilosa. Najua kwamba mke kijana haulizwi habari za mganga mbele ya mama mkwe mwenye tasbihi. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na nilikuwa nimeshaanza kujiona mtaalamu.

Ndani alihudumiwa na wanawake, kama ilivyo adabu. Alijisitiri kwa kanga mpaka alipolala, na chumba chenyewe kina mwanga hafifu. Alipotoka alimwambia nesi kwamba mashine ilipokuwa inagonga alihisi kama siafu wanamuuma titini. Nesi akamwambia ni woga. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo na ndoo yangu ya plastiki. Nilisikia, na nikaendelea kupiga deki.

Picha zikatoka. Badala ya gololi yenye kingo laini, upande ule wa kwapa kulikuwa na weusi, shimo la giza lililomeza nusu ya uvimbe. Daktari kijana aliyesoma picha aliandika, kwa haki kabisa, kwamba kingo hazionekani vizuri, kwamba saratani haiwezi kukanushwa kwa picha hizo, na kwamba sindano ichukuliwe. Ripoti ya kurasa mbili. Bi. Shani na mkwewe wakaichukua, wakarudi Mikumi. Bosco aliisoma ripoti hiyo kama anavyosoma mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha. Aliona neno moja, saratani, akaifunga. Mwanaidi akapangiwa Ijumaa. Titi lote.

Siku ya Jumatano nilikuwa nafuta vumbi kwenye ubao wa taa wanaotundikia picha, na picha zake zilikuwa bado pale, maana daktari alitaka kuwaonyesha wanafunzi. Nikazitazama. Nilikuwa na tabia ya kuzitazama zote. Hakuna aliyenikataza kwa sababu hakuna aliyeamini naelewa. Kwenye picha zilizokata karibu na ngozi, lile shimo jeusi halikuwa moja. Yalikuwa matatu. Yamepangana, na kati ya moja na jingine nafasi ya upana wa kidole.

Nikaacha kitambaa palepale. Sijaona ugonjwa unaojipanga mstari na kupima nafasi.

Hapa ndipo panapoingia karakana ya Kilosa. Nilipokuwa nafagia pale, kijana kuliko ninyi, mafundi walikuwa wakinoa vyuma kwa tupa, na chini ya meza palibaki unga mweusi, laini kama wa moshi. Mganga mmoja wa Ulaya, Mzee Chamwela, aliniambia unga huo una nguvu, kwa sababu umetoka kwenye kitu kinachokimbia na hakichoki. Alitaka uvimbe nao ukimbie. Nikawa namjazia makopo ya maziwa, nampelekea kwa baiskeli siku za gulio. Niliwahi kumtazama akifanya kazi. Wembe, chale tatu juu ya uvimbe, kidole kimoja kati ya chale na chale, kisha unga wa chuma unasuguliwa ndani pamoja na majivu. Alikuwa hodari. Hakutoka nje ya mstari hata siku moja. Na nilipomuuliza kopo moja linadumu muda gani, alicheka, akasema, "Hili litanizika."

Nikamwendea Bi. Leonia. Nilimweleza yote, na karakana pia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua picha, akazitazama moja moja.

"Chuma kwenye ngozi," akasema. "Sumaku inapofika kwenye chuma inavurugika, na picha inaacha shimo jeusi kubwa kuliko chuma chenyewe. Hatukuona saratani. Hatukuona kitu. Na yule binti alituambia anaumwa na siafu."

Akapiga simu Mikumi. Bosco akamjibu kwamba mgonjwa ni wake, na kwamba Dar wameshamaliza kazi yao. Akapiga tena, simu ikazimwa.

"Turudie picha?" nikauliza.

"Na chuma kikiwa palepale? Turudie ili iweje?" Akaandika barua, akaipiga muhuri. "Mkono, altrasaundi, sindano. Kama nesi wa Kilosa alivyosema tangu mwanzo bila mashine. Wewe unajua malori. Nenda."

Nilienda. Kabla ya kuondoka nilivunja redio yangu ndogo ya mkononi, nikatoa spika yake, na ndani ya spika nikatoa sumaku yenye ukubwa wa kifungo cha koti. Nikaitia mfukoni na uzi. Alhamisi alfajiri nilipanda lori la mbolea linaloelekea Iringa, dereva alikuwa ananijua tangu nikiwa utingo, na mchana nikashuka Mikumi.

Mwanaidi alikuwa ameshalazwa. Alikuwa amekaa kitandani na mkono wa kulia ameuweka juu ya titi la kushoto, kama mtu anayelinda kitu sokoni. Bi. Shani alikuwa pembeni. Bosco alisimama mlangoni amevaa koti jeupe na kalamu tatu mfukoni.

"Wewe si yule wa vyuma?" Bi. Shani akaniuliza.

"Ndiye mama. Shikamoo."

"Marahaba. Vyuma vimekuleta huku?"

Bosco alisoma barua ya Bi. Leonia akiwa amesimama, akairudisha. "Mpiga picha si daktari," akasema. "Na wewe ni mfagiaji. Nimeulizia. Mfagiaji amekuja kunifundisha saratani."

"Sikuja kukufundisha, dokta. Nimekuja kupima kitu kimoja, kinachukua dakika moja, na nesi wako ndiye atakayepima. Nikikosea nitapanda lori nirudi."

"Kwa kipimo gani?"

Nikatoa sumaku, nikaining'iniza kwenye uzi. Alicheka hadi kalamu zikagongana. "Wana mashine yenye ukubwa wa nyumba," akawaambia waliokuwa mlangoni, "wamemtuma na kifungo."

Nikamgeukia Mwanaidi. Safari hii sikumuuliza kitu. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na ukuta, kwamba wakulima wetu wananoa majembe na kusaga vyuma, vumbi la chuma linaweza kumwingia mtu kwenye ngozi bila yeye kujua, na likiingia linaharibu picha. Nilimwachia mlango wa kupitia. Alinitazama akaelewa kwamba nimejua. Macho yake yakaenda kwa mama mkwe.

Bi. Shani akaweka tasbihi mapajani.

"Acha kuzungukazunguka, wewe," akaniambia. "Chale zake nimeziona. Tunaoga kisima kimoja, mimi si kipofu."

"Mama," Mwanaidi akasema.

"Nyamaza. Wewe ulinificha mimi, na mimi nikakuficha kwamba nimejua. Tumeonana wajinga wote wawili." Akamtazama nesi. "Vuta hilo pazia, pima."

Pazia likavutwa. Sisi wanaume tukabaki nje tukitazama miguu ya nesi. Kisha nesi, binti mpole ambaye siku hiyo sikuwa nimesikia sauti yake, akasema, "Inavutwa."

"Inavutwa wapi?" Bosco akauliza.

"Kwenye chale, dokta. Uzi umepinda. Niko pembeni kabisa na sumaku inaenda yenyewe. Sehemu nyingine haiendi. Chale ya pili nayo. Ya tatu nayo."

Bosco akasema sumaku ya redio haithibitishi kitu, na hapo, nawaambia ukweli, alikuwa na haki. Haikuthibitisha kwamba hakuna saratani. Ilithibitisha tu kwamba picha aliyotaka kukatia titi la mtu haikuwa picha ya kitu. Nilimwambia hivyo. Akaniambia niondoke kwenye kituo chake. Kabla sijageuka, Bi. Shani alitokea nyuma ya pazia ameshakunja kanga za mkwewe chini ya kwapa.

"Kwa hiyo kesho mlitaka kukata bila kujua," akamwambia Bosco.

"Mama, saratani haisubiri."

"Ng'ombe wa mume wangu ulimwogesha dawa ukasema kupe hawatasubiri. Alikufa, kupe wakabaki. Tunakwenda Morogoro kwenye sindano."

"Sindano itautawanya."

"Na kisu chako kingeukusanya?"

Watu mlangoni wakacheka, na kwa Bosco hilo lilikuwa baya kuliko barua yoyote. Mwanaidi akavaa viatu. Tulipofika barabarani Bi. Shani alinishika mkono, akanivuta kando ya duka la spea. Nilidhani atanishukuru. Akakunja baibui hadi kwenye goti.

"Leta hicho kifungo," akasema.

Nikakining'iniza. Sumaku ikaenda kwenye goti lake, chale tatu za zamani, kidole kimoja kati ya moja na nyingine. Akashusha baibui.

"Lilikuwa linauma," akasema. "Na ukisema popote, nitakukana."

Ameshatangulia mbele ya haki, na watoto wake wameniruhusu niseme. Wanasema angependa watu wacheke.

Sindano ilichomwa Morogoro. Majibu yalikaa wiki mbili, na wiki mbili hizo Mwanaidi hakula vizuri, maana hakuna sumaku wala maneno yangu yaliyokuwa yamemhakikishia kitu. Yakatoka: uvimbe wa tezi na nyuzi, usio saratani, wa aina ile ya gololi. Daktari alimwambia anaweza kuuacha ukiangaliwa, au kuutoa peke yake kwa mkato mdogo titi likabaki. Akachagua kuutoa, pamoja na kipande cha ngozi chenye chale. Alisema amechoka kubeba chuma cha watu.

Chuma cha watu. Neno hilo lilinikaa. Miezi kadhaa baadaye nilipata likizo nikaenda Ulaya, nikamkuta anapepeta mpunga, nikamweleza chuma kilikuwa cha nani. Karakana, makopo ya maziwa, baiskeli. Hakuacha kupepeta.

"Kwa hiyo aliyenitia ni wewe na aliyekuja kunitoa ni wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Na kazi yako Dar ni kuzuia vyuma visipite."

"Ndiyo."

"Ulianza kuzuia umechelewa." Akamwaga pumba karibu na miguu yangu, akanitazama. "Wamebaki wangapi wenye chuma chako?"

Idadi yao siijui hadi leo. Tangu siku hiyo swali la chale nililiuliza mwenyewe, mgonjwa akiwa peke yake, mlango umefungwa nusu, na kwanza nikijitaja mimi: nilikuwa nampelekea mganga unga wa chuma, dada, je, na wewe ulipita kwake? Wengi walikuwa wamepita kwa Chamwela au kwa waliojifunza kwake. Walikubali kwa sababu mimi nilitangulia kukiri. Daktari mkuu alipoulizwa njia hiyo ya kuuliza imetoka wapi, alijibu "sisi".

Sasa nirudi kwa kijana wa tai. Nilipotoka kwake na tezi dume yangu mpya, nilimuuliza kozi yake alisoma wapi. Akasema Dar, siku tatu. Nilitaka kumdharau, na nilimdharau, lakini si sana kama nilivyopanga, maana mimi kukusanya unga wa uganga nilifundishwa kwa nusu siku.

Kesho yake nilirudi na Mwanaidi. Ni mwanamke mtu mzima sasa, ana kibanda cha mchele hatua chache kutoka yanaposimama malori, na ile sumaku ya kifungo iko kwake, ameifunga kwenye mizani anapochunguzia mawe yaliyochanganywa na watu wenye roho mbaya. Mawe haishiki, lakini amezoea kuwa nayo. Akaichukua, akaisogeza kwenye fimbo ya yule kijana mbele ya foleni nzima. Sumaku haikushika. Akaiachia, ikaanguka mezani.

"Mashine ya sumaku," akasema, "na sumaku yenyewe haiitambui."

Watu wakacheka, lakini wakabaki kwenye foleni. Hivyo ndivyo mlivyo, mnacheka na mnabaki. Mwanaidi hakuwa anawatazama wanaocheka. Alikuwa anamtazama binti mmoja wa nne kutoka mbele, mwenye mkono wa kulia juu ya titi la kushoto. Akamwendea, akamnong'oneza kitu. Binti akatikisa kichwa. Akamnong'oneza tena, na safari hii aliteremsha ukingo wa gauni lake mwenyewe kidogo begani, akamwonyesha alama ya mkato, ndogo, ndefu kama kucha.

Binti akatoka kwenye foleni. Wakaondoka wawili kuelekea zinakosimama gari za Kilosa, waende hospitalini.

"Mama, unanifukuzia wateja," kijana wa tai akasema.

Mwanaidi hakugeuka. Kibanda cha mchele akaniachia mimi hadi jioni, na sumaku ikiwa mezani kwa kijana, kwa hiyo ilibidi niende kuiomba.